MoU imesainiwa, picha zimepigwa, na kiwanda hakipigi simu: jibu langu refu kuhusu ushirikiano wa chuo na viwanda

Mkuu nimesoma swali lako, ngoja nilirudie kwa kifupi ili na wanaoingia sasa hivi waelewe tunaongelea nini. Chuo chenu kina kozi za umeme wa viwandani na matengenezo ya mitambo, uongozi umesema mtafute washirika wa viwanda, mkaandika barua, mkasaini makubaliano ya ushirikiano (MoU) na kampuni kadhaa, na mpaka leo hakuna kilichotokea zaidi ya wanafunzi wachache kupokelewa fildi. Unauliza muanzie wapi, na unauliza pia muwe na kampuni ngapi.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Nilianza kama fundi matengenezo kiwandani nikapanda mpaka usupavaiza, baadae nikahamia chuoni kufundisha na nikabebeshwa kitengo cha mahusiano na viwanda, kile ambacho kila mtu anakikimbia. Kwahiyo barua kama zenu nimezipokea na nimeziandika pia.

Barua ya chuo ikifika kiwandani inaenda kwa mtu wa rasilimali watu na yeye anaisoma kama ombi, maana ndivyo ilivyo: tunaomba nafasi za fildi, tunaomba vifaa, tunaomba mtuletee mgeni rasmi siku ya mahafali. Vyuo vyote vinaomba hayohayo. Hakuna mstari hata mmoja unaoonesha kwamba chuo kinajua kile kiwanda kinahangaika na nini, basi inaingia kwenye faili na imeisha hiyo. MoU nayo sio mbaya, ina kazi yake, inasaidia kwenye bima, nani anawajibika mwanafunzi akiumia, siri za kiwanda, nani ana haki ya kumrudisha mwanafunzi chuoni, ila ije wakati kuna kazi tayari inaendelea mnataka kuilinda. Ikitangulia inabaki kuwa karatasi ya kuwaonesha wakaguzi.

Sasa mtu wa kumtafuta ni nani. Mkurugenzi utamhitaji, ila baadae, likija suala la hela au la kuruhusu mtu wake atoke kazini. Wa kuanza nae ni yule ambae mashine ikisimama saa nane usiku simu yake ndo inaita. Supavaiza wa matengenezo, fundi mkuu, mkuu wa shifti. Huyo ana mafundi wawili tu wanaoielewa ile laini na mmoja yuko njiani kustaafu, analipa ovataimu mpaka anaulizwa na uhasibu, na vijana wanaoletwa na vyeti safi nusu yao wanaogopa kufungua paneli na nusu nyingine hawaogopi kabisa, ambao ndo wabaya zaidi. Huyu ukimsaidia hata robo tu ya tatizo lake hatokuacha.

Safari ya kwanza usiombe kitu. Nenda na mkufunzi anaefundisha somo lenyewe, msimtume afisa masoko wa chuo, maana yule fundi mkuu ndani ya dakika mbili atajua kama anaongea na mtu aliyewahi kushika mita. Muulize kijana wa mwisho mliyemwajiri ilichukua muda gani mpaka mkamwachia shifti peke yake. Kitu gani mlilazimika kumfundisha upya kabisa. Hitilafu gani inarudi rudi mpaka mnaita watu wa nje. Mnaagiza mitambo gani mwaka kesho. Alafu nyamaza uandike, usianze kuutetea mtaala, hicho ndo kishawishi kikubwa kwetu walimu, mtu anasema vijana wenu hawajui hiki na wewe unaruka kusema mbona kipo muhula wa tatu. Kama kipo na hawakijui basi kuna la kujifunza hapo.

Nikupe mfano mmoja. Fundi mkuu wa kiwanda kimoja aliniambia, mwalimu, vijana wako kupima wanajua, kuandika hawajui. Mtu wa asubuhi anaingia anakuta laini imesimama, anafungua kitabu cha shifti anakuta pameandikwa "mashine mbovu", basi anaanza upya kila kitu ambacho wa usiku alishakipima. Tuliporudi chuoni tukabadilisha kitu kimoja tu, kila zoezi la kutafuta hitilafu pale karakana liwe linaishia na ripoti ya makabidhiano: dalili ilikuwa nini, umepima wapi ukapata ngapi, umebadilisha nini, kimebaki nini. Na mazoezi tukayapanga ili kundi la kwanza liachie njiani na kundi linalofuata liendelee na hitilafu ileile kwa kutumia hiyo ripoti tu, bila kuuliza mdomoni. Siku za kwanza ilikuwa vurugu, watu wanatukanana kwa ajili ya miandiko na mtu kuandika "waya ule mwekundu" wakati ndani ya paneli kuna waya nyekundu kama thelathini. Haikuhitaji bajeti wala kibali cha mtu. Nikampelekea yule fundi mkuu baadhi ya ripoti, akazirudisha zimejaa kalamu nyekundu kuliko ambavyo ningezisahihisha mimi, na tangu hapo yeye ndo alikuwa ananipigia simu.

Umeona hapo hatukusaini kitu. Alisema, tukafanya, akaona.

Ukishapata watu wa namna hiyo wachache ndo unatengeneza timu, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye kiini. Vyuo vingi vina kitu kinaitwa kamati ya ushauri ya wadau. Inakutana mara moja kwa mwaka, mkuu wa idara anaonesha silaidi za mafanikio, wadau wanatikisa vichwa, mmoja anasema vijana waongezewe nidhamu, picha ya pamoja, kwaheri. Mtu wa kiwandani mara ya kwanza anakuja kwa heshima, mara ya pili anamtuma msaidizi, mara ya tatu yuko safarini. Na mimi simlaumu, aliitwa kusikiliza taarifa ambayo ingetosha kutumwa kwa imeili.

Kule Marekani kwenye vyuo vya jamii (community colleges, vyuo vya miaka miwili) kuna programu ya National Science Foundation, shirika la serikali linalofadhili sayansi, ya kufadhili mafunzo ya mafundi wa teknolojia, ilitokana na sheria ya 1992, na ndani ya hiyo miradi ulienea mfumo wanaouita BILT, yaani timu ya viongozi wa biashara na viwanda ambao hawaishii kushauri, wanaongoza pamoja na chuo. Wanakutana kila robo mwaka, na mara moja kwa mwaka wanapiga kura kuhusu ujuzi anaotakiwa kuwa nao mhitimu, wakiangalia mbele mwaka mmoja mpaka mitatu. Walimu wanachukua matokeo ya kura wanayalinganisha na masomo yao wanarudi na majibu. Nilipousoma huo utaratibu nikauchukua karibu ulivyo nikaupunguza ukubwa tu, na unafanya kazi hata ukiwa na watu saba mezani.

Kura yenyewe tunaifanya hivi. Kabla ya kikao wakufunzi wanaandaa orodha ya vipengele, vimegawanyika sehemu tatu: anachotakiwa kujua, anachotakiwa kukifanya kwa mikono yake, na tabia za kazi. Kila kipengele kiwe sentensi ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho. Ukiandika "umeme wa viwandani" kila mtu atasema ni muhimu na hutopata kitu, andika "anaweza kusoma mchoro wa paneli na kuufuata waya kutoka kwenye sensa mpaka kwenye PLC", ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine. Andika "anazima, anafunga kwa kufuli lake mwenyewe, anatundika lebo, na anapima kuhakikisha hakuna umeme kabla hajagusa". Kila mjumbe anatoa alama 1 mpaka 4, nne ni lazima awe nacho siku ya kwanza kazini, moja ni kiondoeni muda utumike kwingine. Usiweke 1 mpaka 5, ukiweka tano kila asiyetaka ugomvi atajificha kwenye tatu.

Wakati wa kura na mjadala wakufunzi wanakaa pembeni kimya. Narudia kimya. Ni ngumu kuliko unavyodhani.

Alafu ukishajumlisha usihangaike sana na vile vilivyopata nne kwa wote, hivyo vinajulikana. Angalia palipogawanyika. Sisi tulikuwa na kipengele cha kuunga stata ya sta-delta kwa kontakta na taima, ile njia ya zamani ya kuwasha mota kubwa kwa hatua mbili, kozi nzima ilikuwa inakipa muda mwingi sana maana ni zoezi zuri, linaonekana, mota inanguruma na wanafunzi wanalipenda. Mmoja akakipa nne, mwingine moja. Aliyetoa nne anatoka kwenye pampu za zamani kubwa, anasema kwangu zimejaa na zitakuwepo mpaka nistaafu. Aliyetoa moja anatoka kwenye laini za ufungashaji, anasema mota mpya zote zinakuja na draivu za kubadili mwendo, sijaona mtu akifunga sta-delta mpya miaka mingi, mnaletea vijana wangu historia. Wakabishana pale wao kwa wao, na katikati ya ubishi yule wa pampu akasema kitu kilichotusaidia wote: mimi sihitaji ajue kuiunga mpya, nahitaji akikuta imegoma asome mchoro ajue kontakta ipi haijavuta na kwa nini. Basi ikaisha hapo. Zoezi la kuunga tukalifupisha, tukalibakiza kama somo la kusoma michoro na kutafuta hitilafu, muda uliookolewa ukaenda kwenye draivu: kuingiza taarifa za kibao cha mota, kusoma namba za hitilafu inazoonesha, na kusubiri kapasita za ndani zimalize chaji kabla ya kugusa sehemu za kuungia waya hata kama swichi kuu imeshazimwa. Dodoso lisingenipa huo mjadala hata ningewatumia watu mia.

Kama hamjawa na timu ya kudumu kuna njia nyingine ya kuanzia inaitwa DACUM, ilianzia Kanada miaka ya 1960 mwishoni. Unawakusanya watu kama watano mpaka kumi na wawili wanaoifanya kazi yenyewe, mabosi wao wabaki ofisini, mnakaa nao kama siku mbili na mwezeshaji mnaichambua kazi majukumu kwa majukumu, kila jukumu na kazi ndogo ndogo zake, mpaka ukuta mzima unajaa karatasi. Ni nzuri sana kwa kozi mpya. Udhaifu wake inakupa picha ya kazi ilivyo leo, fundi wa laini hajui kampuni inaagiza nini mwaka kesho. Kwa kesho unawahitaji wale wanaosaini manunuzi. Mkiweza fanyeni zote.

Baada ya kikao kuna hatua ambayo watu wengi wanairuka na ndo inayoua timu, nayo ni majibu. Ndani ya wiki chache kila mjumbe apate karatasi moja: mlisema hiki, tumeshafanya, mlisema kile, kinaanza muhula ujao, mkufunzi fulani anakisimamia, mlisema na hiki, hatuwezi, sababu ni hii. Hilo la tatu usiliogope. Watu wa viwandani wanazoea kuambiwa hapana yenye sababu, wanachochukia ni kimya. Na kuhusu lile ulilolalamikia kwamba mtaala wenu unaidhinishwa juu hamuwezi kuugusa, soma vizuri mtaala wenyewe, mara nyingi umefunga mada na saa, haujafunga mfano gani utumike, hitilafu gani iwekwe, ripoti iandikweje, mradi wa mwisho uwe juu ya nini. Hapo kuna nafasi kubwa sana ya kufanya yale waliyopigia kura.

Kuna jamaa hapo juu kaandika kwamba dawa ni kuiga Ujerumani. Sawa, ila kinachoigwa siku zote ni ratiba, kwamba kijana anakaa kiwandani siku tatu au nne na shuleni siku moja au mbili kwa wiki, kwa miaka miwili mpaka mitatu na nusu. Chini ya hiyo ratiba kuna sheria ya tangu 1969, kuna mkataba kati ya kijana na mwajiri na posho anayolipwa kila mwezi, kuna masharti ya nani anaruhusiwa kumfundisha kiwandani, na mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba za viwanda na biashara au za mafundi, kwenye meza ya watahini kuna waajiri, wafanyakazi na mwalimu wamekaa pamoja. Ukichukua ratiba ukaacha hayo mengine unapata wanafunzi wanaozurura siku nne getini. Kitu ambacho chuo chochote kinaweza kuiba kule bila sheria mpya ni hicho cha mtihani: waite mafundi wakuu wawili waje wakae kwenye mtihani wa vitendo, wapewe fomu ya alama, na alama zao zihesabiwe kweli. Mtu aliyempa kijana alama kwa mkono wake hahitaji barua ya utambulisho huyo kijana akija kuomba kazi.

Mfano mwingine ambao naona uko karibu na uwezo wa watu wa kawaida ni FAME ya Marekani, mpango wa kufundisha mafundi wa viwandani, ilianzia Kentucky 2010 ikisukumwa na Toyota pamoja na viwanda vingine. Mwanafunzi siku mbili yuko chuoni, siku tatu yuko kwa mwajiri analipwa, na mwajiri ndo anaemchagua. Kinachonivutia mimi ni kwamba viwanda vyenyewe vimeungana kwenye eneo moja vinakaa meza moja na chuo, kwahiyo kile kiwanda kidogo kinachohitaji fundi mmoja tu kwa mwaka nacho kina kiti.

Na hapo ndo jibu la lile swali la waajiri la "nikimfundisha si atachukuliwa na jirani". Hofu hiyo ni ya kweli msimcheke mtu akiisema. Kama ni yeye peke yake anaefundisha eneo zima basi ni kweli anawafundishia wenzake bure. Ndo maana Brazili tangu 1942 wana SENAI, viwanda vinachangia asilimia moja ya mishahara kwenye taasisi ya mafunzo inayoendeshwa na shirikisho la viwanda lenyewe, yaani jirani nae amelipia. Nyie hamuwezi kuanzisha tozo, lakini mnaweza kuwaweka wapinzani wawili kwenye timu moja. Watasita kidogo mwanzoni, ila siri za biashara huwa hazipo kwenye namna ya kubadilisha bearingi.

Fildi nayo. Tatizo la fildi mara nyingi liko upande wetu, tunampeleka kijana na logibuku tupu, supavaiza hajui amempokea ili afanye nini, basi anampa ufagio, na wiki ya mwisho anasaini kurasa zote kwa mkupuo. Mpeleke na orodha ya kazi kumi au kumi na tano zilizotoka kwenye ile kura, kila moja ina sehemu tatu za saini: ameona, amefanya akisimamiwa, amefanya mwenyewe. Ukurasa mmoja tu, ubandikwe ukutani kule karakana yao. Mwajiri akisema kazi fulani hawezi kumpa ajue mapema, kijana apelekwe kwingine kwa wiki mbili. Na mkufunzi anaekwenda kukagua asiende kusaini kitabu cha wageni tu, aingie ndani avae helmeti amuone kijana akifanya moja ya zile kazi.

Hilo linanileta kwa wakufunzi wenyewe. Peleka mkufunzi kiwandani wakati wa likizo, wiki mbili tatu, afuate shifti kama fundi wa kawaida. Kwa maoni yangu hii inazidi faida ya kupeleka wanafunzi ishirini, maana mkufunzi mmoja anagusa madarasa miaka kumi. Watagoma kwanza, wengine wanaona aibu kuonekana hawajui draivu mpya mbele ya watu waliowafundisha. Anza na anaetaka.

Vifaa vya msaada sitosema mengi. Kabla hujapokea mashine ya bure uliza kama ina michoro, kama vipuri bado vinapatikana, programu yake ina leseni, na nani atakuja kuifunga. Isipokuwa na hayo kataa kwa adabu, itajaza karakana na wanafunzi watajifunzia rangi yake. Afadhali uombe sensa zilizokufa, mota zilizoungua, vali zilizokwama na bearingi zilizokwisha, viwanda vinatupa hivyo kila mwezi na hakuna kifaa kizuri cha kufundishia hitilafu kama kile kilichoharibika kweli.

Kitu cha mwisho kabla sijajibu idadi: kila kampuni iwe na watu wawili mnaowasiliana nao na chuoni pia wawe wawili. Watu wanahama kazi, na ushirikiano mwingi unakufa siku mtu mmoja anapobadilisha namba ya simu. Na wekeni daftari la wahitimu, nani kaajiriwa wapi, na baada ya miezi sita mpigie supavaiza wake muulize kitu kimoja tu, ungemchukua tena? Majibu hayo yapelekwe kwenye kikao kinachofuata hata kama yanauma.

Idadi: anzeni na kampuni tatu, zisizidi tano, na angalau moja iwe ndogo. Zile nyingine mlizosaini nazo ziacheni kwa sasa, hazijakasirika, zimeshasahau. Kikao cha kwanza kisizidi saa mbili, kifanyikie kwenye moja ya hizo kampuni na sio chuoni, muanze kwa kutembezwa kwenye laini zao ndo mkae mezani. Kama unayo orodha ya mada za hiyo kozi ya umeme wa viwandani iweke hapa, nitachukua mada mbili tatu nikuoneshe namna ya kuzigeuza ziwe vipengele vya kura, ukishaona mfano mtamalizia wenyewe na wakufunzi wako.